Nani Alishika Kamera?

— Gakwaya, nani alikupiga hii picha?

Gakwaya akaacha kukoroga chai. Walikuwa bustanini kwenye hoteli moja ya Kiyovu, Kigali, wanachagua kwenye kamera yake picha ya kuweka kwenye kadi ya gusaba, siku ambayo ukoo wake ungekwenda kumwomba Aidah kwao. Leo Jumatano, gusaba Jumamosi.

— Ipi?

— Hii ya Dar. Boti zimejipanga nyuma yako, jua linazama, na wewe unacheka mpaka magego yanaonekana.

— Aa, iko mtu tu. Mpita njia.

Aidah alikulia Temeke, hapigwi chenga kirahisi. Akafungua simu, akasoma ujumbe wa mwezi uliopita: "Cheri, nimemaliza kazi bandarini. Niko natembea peke yangu hapa boti zinapoegeshwa. Nakuwaza."

— Peke yako, eh? Na huyo mpita njia akakufuata picha kumi na tisa? Hapa unakula muhogo wa kukaanga. Hapa unafunga kamba za viatu! Nani anampiga mgeni picha akifunga viatu?

Gakwaya akarudi kukoroga chai.

— Anaitwa nani huyo mwanamke?

— Aidah sha, hakuna mwanamke.

— Niapie.

Gakwaya akainama. Roho ilimuuma Aidah, lakini hamu ya kujua ilimzidi. Akaivuta kamera karibu, akaanza kuzikuza picha moja moja, anatafuta kivuli, pindo la gauni, chochote. Hakuona gauni. Aliona doa la kahawia kwenye kona ya juu. Akafuta kioo kwa kitambaa, doa halikutoka. Picha iliyofuata, doa lile lile. Na iliyofuata.

Doa hilo alilijua. Lilikuwa kwenye picha zake zote za utotoni, tangu siku ya ubatizo mpaka siku ya kwanza ya shule, na mama yake hakuchoka kupiga kelele: "Toa kidole, baba Aidah!"

— Huyu ni baba.

Gakwaya akatikisa kichwa kukubali.

— Nilimtafuta. Siwezi kuomba mke kwa mjomba wako Cassien na baba yako iko hai. Ingekuwa kama naiba.

— Hakuja kumzika mama! Miaka sita sijasema naye, na wewe unakwenda kutembea naye?

— Niliogopa kukwambia. Ungevunja gusaba.

Aidah alikuwa na hasira, tena kweli kweli. Lakini akauliza:

— Alisema nini?

— Hakujitetea. Alisema aibu ilimfunga. Kisha akaniuliza kama bado unalala taa ikiwaka.

Aidah akalia pale pale, wahudumu wakitazama. Alipomaliza, akanyoosha mkono.

— Nipe namba yake.

Simu ikaita mara tatu.

— Haloo? Nani mwenzangu?

— Baba, bado unaziba kamera kwa kidole.

Mzee akaanza kulia upande wa pili.

— Mwanangu... nisamehe.

— Sijui kama nimesamehe. Nina maswali mengi, na simu haitoshi. Jumamosi wanakuja kuniomba. Njoo ukae kwenye kiti chako.

— Nitapanda basi kesho.

Akakata, akajifuta macho, akamrudishia Gakwaya kamera.

— Weka hii kwenye kadi.

— Lakini iko na kidole.

— Ndiyo. Kiache.