Bilauri Kando ya Santuri

Mungu anisamehe. Rafiki yangu dijei aliniomba nimsindikize ukumbini, nikamdanganya kwamba naumwa.

Ilikuwa harusi ya mdogo wake. Bibi harusi alitaka kuingia na wimbo alioimba marehemu mama yao, na santuri yake ilibaki hiyo moja tu. Kila kaka mtu alipoweka sindano, iliruka na kuikwaruza.

“Kaka, ukiimaliza sauti ya mama, shela utavaa wewe,” mdogo wake alimwambia, anacheka huku machozi yanamlenga.

Kaka mtu akakata mipira ya tenisi, akaiweka chini ya mashine ya santuri ili isitikisike. Akaweka bilauri ya maji pembeni, aone kama meza imelala sawa. Sindano ikaruka. Akajua ni sakafu ya mbao, inatikiswa na wanaopita. Akawatoa watu wote, akafunga milango na mapazia, ikabaki taa ndogo ya mashine.

Ikaruka tena, na maji yakatikisika. Akainyanyua sindano haraka, huku anamwomba Mungu. Mbao zikalia karibu na mlango. Zikalia katikati ya ukumbi. Zikalia ubavuni mwake, zikanyamaza. Kisha maji yakaanza kupungua kwenye bilauri, polepole, mpaka yakaisha.

Aliporudisha sindano, haikuruka hata mara moja. Bibi harusi aliingia vizuri. Lakini hakuzisikia mbao zikilia tena kurudi mlangoni.

Rafiki yangu huyo akikuomba umsindikize kazini, tafadhali nenda. Na maji usiweke mezani.