Majaribio Yamefaulu, Mayai Yameharibika

Mama Vifaranga alivunja yai moja, akalitazama, akaliweka kando. Akavunja la pili. Mambo yalikuwa yale yale: kifaranga amefia ndani kwa joto.

Mayai hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya watu. Majirani walimletea, naye aliyatotolesha kwa mashine iliyokuwa chumba cha nyuma. Programu ya kuongoza mashine hiyo iliandikwa na binti yake. Jana umeme ulikatika, ukarudi, na mayai yakaungua. Trei nyingine ikiharibika, nani atamletea tena mayai?

"Mwanangu, si ulisema umeijaribu hiyo programu?"

"Nimeijaribu, Mama. Majaribio yote yamefaulu. Tazama."

Kwenye kompyuta palikuwa na alama za kufaulu, kuanzia juu hadi chini. Mama aliangalia alama, akaangalia mayai. Sasa hapo mwongo ni nani? Binti yake hakuwa mtu wa uongo.

Akaenda kumwita jirani. Kazi ya jirani huyo ilikuwa kujaribu programu ofisini, na mtaa mzima ulimwita Mkaguzi.

"Majaribio hayakudanganya, dada," alisema Mkaguzi akivuta kiti. "Yanajibu lile tu uliloyauliza. Kuna programu nyingine ya kutuonyesha ni wapi hayajafika. Unaiwasha pamoja na majaribio, nayo inaweka alama kwenye kila mstari uliopitiwa."

Akaiwasha. Mistari ya programu ikatokea na rangi. Kijani maana yake mstari umepitiwa. Nyekundu, haujapitiwa hata mara moja. Njano, hapo pana njia mbili na majaribio yamepita moja tu. Juu kabisa paliandikwa asilimia sabini.

"Na hii nyekundu inahusu nini?" aliuliza Mama.

Binti alisoma, sauti ikapungua. "Umeme unaporudi, Mama."

Kumbe ndiko mayai yalikofia. Mama alimhurumia binti yake. Binti akaandika jaribio jipya haraka haraka. Nyekundu na njano zikageuka kijani, asilimia ikawa mia.

"Haya, tuweke mayai," alisema Mama.

"Bado," alisema Mkaguzi.

"Bado tena? Si kijani tupu? Jamani, mbona mnanichanganya?"

"Kijani inasema tumepita. Haisemi tumeangalia. Ukimtuma mtu chumba cha mashine, akaingia na kutoka bila kusoma kipimajoto, amefika au hajafika?"

"Amefika. Ila amefika bure."

"Basi na jaribio hili limefika bure. Limepita kwenye mstari, halikuuliza kama taa ya kupasha mayai joto imezimika joto lilipozidi."

Binti akaongeza swali hilo: umeme ukirudi na joto likizidi, taa imezimika? Akaendesha jaribio. Likashindwa. Mkaguzi akapiga makofi, na binti naye akacheka.

Mama aliwatazama kama watu waliorukwa na akili. Majaribio yalipofaulu, mayai yaliungua. Sasa jaribio limeshindwa, wenzake wanashangilia. Dunia hii imepinduka lini?

"Dada, tumelikamata kosa," alisema Mkaguzi. "Afadhali lishindwe hapa kuliko kwenye trei."

Kosa lenyewe lilikuwa hili: umeme ukirudi, programu iliwasha taa, kisha haikusoma tena kipimajoto. Binti alirekebisha, jaribio likafaulu. Mkaguzi akamwonyesha pia namna ya kuweka kikomo. Siku asilimia ikishuka chini ya tisini, programu itakataliwa kabla haijafika kwenye mashine.

Mayai mapya yakaingia. Umeme, kama kawaida yake, ukakatika mchana kweupe. Uliporudi, Mama alikimbilia chumba cha nyuma. Taa iliwaka, joto likapanda, kisha taa ikazimika yenyewe. Akakaa chini sakafuni.

Siku ya vifaranga kutotolewa, mwenye mayai alikuja amekunja uso. "Nimesikia umeme ulikatika tena. Usinifiche."

"Binti yangu ametengeneza."

"Ametengenezaje?"

"Kwanza jaribio lilifaulu, mayai yakafa. Halafu likawa kijani, tukaambiwa bado. Halafu likashindwa, wakapiga makofi."

"Mbona sielewi?"

"Hata mimi nusu tu," alisema Mama, akimfungulia mlango. "Ingia uwachukue vifaranga wako."