Mkalimani Aliyekana Kiingereza

Ndugu zangu Wakongomani wa Louisville, hapa Marekani, na ninyi wa Columbus na Buffalo mnaotusikia, kaeni niwasimulie aibu iliyotupata. Ni aibu ya nyumba moja, lakini wengi tuliichochea kuni.

Jumamosi ile kwa mzee Eliezer Murhula, kule mtaa wa Okolona, ilikuwa furaha tupu. Alikuwa amekula kiapo cha uraia wa Marekani. Mkewe, mama Nsimire, alipika sombe na samaki, kwaya ikaimba, na wageni walitoka hadi Buffalo. Eliezer alipunga kabendera kake akasema, "Leo tumekuwa benye inchi!" Tukapiga vigelegele.

Sasa mjue kwamba Eliezer ndiye mkalimani wa kanisa letu. Mhubiri Mmarekani akitamka neno, yeye amekwisha kulidaka. Basi mahakama ilipomwita awe mmoja wa raia wanaosikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia, nani angefaa kumshinda? Lakini hakutaka kukosa siku za kazi yake ya ghalani. Alisimama mbele ya jaji, akakunja uso, akasema, "Noo Inglishi." Jaji akamruhusu aende.

Kanisani alituigizia. "Bon, bakikuita, weye sema tu noo Inglishi. Banakuachilia palepale!" Watu walicheka hadi machozi, na ujanja huo ukasambaa mjini. Mama Nsimire hakucheka.

"Baba Bonheur, uliapa mbele ya Mungu," alimwambia.

"Aah, ile ni mambo ya bazungu."

Mwaka uliofuata mwana wao, Bonheur, alishtakiwa kuiba simu katika ghala alikofanya kazi. Alikana. Mimi sikuwepo, siwezi kumwapia. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemwona, na kesi nzima ilitegemea kama ataaminika.

Siku ya kuwachagua raia waamuzi, wazazi walikaa nyuma. Akaitwa Mkongomani mmoja wasiyemjua, jina lake Paluku. Mama Nsimire alimshika mumewe mkono. "Asante Mungu, mumoja wetu!"

Paluku akakunja uso. "Noo Inglishi," akasema, akaruhusiwa.

Eliezer alimkimbilia nje. "Ndugu yangu, sababu gani unakimbia?"

"Mzee, njo vile tunafanyaka," Paluku alijibu akicheka. "Kuko mzee mumoja wa Okolona alifundishaka batu."

Eliezer akarudi ndani kwa mkewe. Alitamani ardhi immeze.

Bonheur alipohojiwa alitazama chini, kama alivyolelewa kuwaheshimu wakubwa. Kati ya waamuzi wale hakuwepo hata mmoja wa kuwaambia wenzake kwamba kwetu hiyo ni adabu. Walimtia hatiani. Baadaye mwamuzi mmoja alimwambia wakili, "Asiye na hatia angetutazama."

Alipokuwa akipelekwa gerezani, Bonheur alimgeukia baba yake. "Papa, niliinamisha macho vile ulinifundisha."

Siku hizi Eliezer hatafsiri tena. Hukaa kiti cha nyuma kanisani, naye ndiye anayetazama chini.

FUNZO

Pasipoti tunaitaka, kura tunaitaka, ulinzi wa sheria tunautaka. Kiti cha mwamuzi tunakikimbia, kisha tunashangaa tukikikuta hakina mtu wetu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alimtumbukiza mwanawe. Nasi tuliocheka tuone haya. Mahakama ikikuita, nenda, ukamsikilize mtoto wa mwenzio kama unavyotaka wako asikilizwe.