Saa Mbovu za Babu

Kila akitoka shule, Kijino alipitia kwanza kwenye meza ya babu yake. Babu alikuwa fundi saa. Siku hizi alisahau hata kama amekula, lakini vidole vyake havikusahau kazi. Kila wiki shangazi yake Kijino, binti wa babu, alimwekea mezani saa mbovu, naye akazifungua huku akinung'unika kwa raha.

Kijino alikuwa na kinyongo na shangazi huyo. Mwaka uliopita tapeli alimrubuni babu akamkabidhi nusu ya akiba yake. Daktari alipothibitisha kwamba babu hawezi tena kusimamia fedha zake, mahakama ilimteua shangazi azisimamie kwa niaba yake. Tangu hapo babu akiomba noti alipewa sarafu. Kijino akamnong'oneza rafiki yake kwamba shangazi anakula pesa za mzee. Maneno hayana miguu lakini hutembea. Haikupita wiki, muuza mkaa wa mtaani akawa anamtazama shangazi kwa jicho la pembeni. Uvumi ukamfikia shangazi mwenyewe.

Shule zilipofungwa, aliwachukua Kijino na babu hadi mahakamani, kwani msimamizi hupeleka hesabu kila mwaka. Hakimu alipekua risiti moja moja: dawa, kodi ya nyumba, miwani ya babu. Kitu cha shangazi hakikuwemo, hata leso. Kisha hakimu akasita.

"Saa mbovu arobaini? Za nini, mama?"

"Mheshimiwa, wateja waliacha kuja, baba akawa anashinda akitazama ukuta. Nazinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Pesa ni zake, nami natakiwa kuzitumia kwa faida yake."

Kijino alipigwa na butwaa. Alidhani zililetwa na wateja. Akamgeukia babu, akihofia atavunjika moyo.

Babu alikuwa akicheka. "Hilo nalijua kitambo. Mteja gani asiyerudi kuchukua saa yake?"

Hata hakimu alitabasamu. Akazikubali hesabu zote, pamoja na zile saa mbovu.

Nje, Kijino aliushika mkono wa shangazi, akakiri kwamba ule uvumi ulianzia kwake. Akaomba radhi, akamshukuru kwa ajili ya babu.

"Nimekusamehe, mwanangu," shangazi alisema. "Mali ya mtu asiyeweza kuitunza ni amana, na aliyekabidhiwa amana hukaguliwa. Kuuliza si kosa. Ukiwa na shaka, niulize mimi, usimnong'oneze jirani. Sasa tupitie kwa muuza mkaa. Una neno la kumwambia."