Masele na Bomba la Dirishani

Kila asubuhi Kwandu alianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Mumewe, Masele, alivuka uzio na kuingia kazini, maabara ndogo ya mbegu za pamba nje ya Bariadi. Kazi yake ilikuwa kuondoa manyoya ya mbegu kwa gesi ya asidi.

Gesi hiyo ilikuwa kali. Mbu akiinusa, anasahau alikokuwa anakwenda. Basi Masele akaunga bomba, akalitoa dirishani, akajipongeza.

Ndani kukawa shwari. Nje, michembe ikawa michachu. Mabati ya nyumba yakaoza, ukilala chali unahesabu nyota. Beberu wao wa mbuzi akakohoa kama mzee anayeomba ugoro. Masele alicheka. Bintiye Sayi alipoanza kukohoa, kicheko kikaisha.

"Baba Sayi, mtoto nampeleka zahanati, kisha kwa mama yangu kule Sapiwi," alisema Kwandu. "Hapa hapumui."

"Nitalirefusha bomba lipite paa."

"Likohoze watoto wa jirani Mayunga? Ukiiondoa gesi hii, tutarudi."

Walipoondoka, Masele alimfuata Gloria, mkuu wa maabara, aliyekuwa amerudi kutoka likizo.

"Mwangaluka, mama. Bomba langu limenifukuzia mke."

Gloria alilitazama. "Gesi umeihamisha tu. Inatakiwa ioshwe."

"Ioshwe kama sufuria?"

"Kama sufuria. Mpaka hapo, hakuna kazi."

Fundi akaleta pipa refu la plastiki, akalijaza vipande vya mabomba. Feni ilisukuma gesi iingie chini ya pipa. Juu yalinyunyizwa maji ya chokaa.

"Gesi ikipanda kati ya vipande hivyo, inayeyuka kwenye maji yanayoshuka," Gloria alieleza. "Chokaa inaua ukali wa asidi. Juu inatoka hewa iliyooshwa."

"Na chokaa ikiisha?"

"Kila asubuhi chovya kwenye maji hayo karatasi nyekundu ya litmasi, ile ya kupimia asidi. Ikigeuka buluu, chokaa ina nguvu. Isipogeuka, badilisha maji kwanza. Umeme ukikatika, funga gesi, utoke."

Masele akatuma habari. Kwandu aliporudi na Sayi, hakutua mzigo. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe. Masele alikuwa ameanika michembe mwenyewe, minene kama ndala. Kwandu akatafuna kipande polepole.

"Umekata vibaya," alisema. "Lakini si michachu."

Akafungua mzigo. Sayi alikuwa ameshakimbilia uani, anacheka, kifua kimetulia.

Beberu tu ndiye aliyeendelea kukohoa. Alikuwa amezoea kupewa pole.