Nilidhani Ni Mkwe

Jioni ile nilichukua kopo la maji nikaenda chooni. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya malori. Safari yenyewe ni hatua ishirini tu, kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa nyuma, hapo kwa binti yangu Ketrina, Tunduma.

Choo chao ni cha uani. Ndani kina vigae na sinki zuri la kuchuchumaa, ila mlango ni wa bati na hauna komeo, unarudishwa tu. Kwa hiyo ukikaribia, unakohoa. Mh-hm. Kama kuna mtu, naye anajibu, mh-hm. Hapo unajua, unasubiri zamu yako.

Nikakohoa.

Mh-hm, akajibu wa ndani.

Nikageuka mbio kama mwizi. Nilidhani ni mkwe.

Maana nilivyolelewa mimi kule Mbozi, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali sahani moja. Na hiyo habari ya choo ndiyo kabisa! Marehemu mama yangu alikuwa anatuambia sisi wasichana, "Mkwe akikukuta na kopo la maji njiani, wewe mwagilia mchicha." Basi nami nikaenda kwenye kijituta cha mboga cha Ketrina nikamwagilia mchicha, kopo lote. Siku ya tisa hiyo mchicha unanyweshwa maji ya chooni. Ulikuwa umenona huo!

Sikuja Tunduma kutembea. Nilikuja kwa sababu ya tumbo la Ketrina. Mimba mbili zilishamtoka, zote mwezi wa saba, na hii ya tatu ilikuwa imeingia wa nane. Alinipigia simu analia. "Mama, njoo ukae na mimi mpaka nijifungue. Naogopa kuwa peke yangu mchana." Nikafunga mlango wangu, kuku nikawaacha kwa jirani, nikaja.

Wiki niliyofika, choo kikaanza kuziba.

Kuziba kwa choo si ajabu. Ajabu ni hili. Choo kikiziba, mtoto tumboni haendi huku wala huku. Ketrina anakaa kitandani, viganja vyote viwili juu ya tumbo, macho yamemtoka. "Mama, hachezi." Mara ya kwanza tulikimbilia zahanati, nesi akasikiliza, akasikiliza tena. Akasema moyo unapiga ila taratibu, turudi kesho. Kurudi nyumbani tukamkuta fundi ndiyo anazibua. Maji yakashuka, gruuuu... Ketrina hajavua hata viatu, akapiga kelele.

"Amenipiga teke!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hatukuwaza. Nani angewaza?

Fundi huyo anaitwa Ombeni, mwembamba, mdomo haufungi. Alikuwa na waya wake mrefu wa kuzibulia, anauzungusha ndani ya bomba huku anatusema. "Nyie akina mama mnatupa nini humu? Pampasi? Choo si kabati jamani." Waya ukanasa. Akavuta. Kikatoka kipande cha kitenge, kijani, chenye ndege wa njano.

"Sina kitenge hicho," Ketrina akasema.

"Basi choo kimejinunulia chenyewe."

Akakiinua kukitazama karibu. Hapo akageuza pua pembeni. Mimi nami nikaisikia ile harufu. Haikuwa ya choo. Ilikuwa maziwa... maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo. Aliyenyonyesha anaijua, haifanani na kitu kingine.

Siku nne tu, kikaziba tena. Kipande kingine, ndege walewale. Ketrina akalala siku nzima na viganja tumboni.

Mara ya tatu ndiyo hiyo jioni ya mchicha. Sijamaliza kumwaga kopo, Ketrina akaniita toka ndani kwa sauti ile ninayoijua. Hachezi. Nikapiga simu kwa fundi, Ombeni akaja kabla giza halijashika. Mkwe wangu Jofrey naye akaingia kutoka mpakani, anafanya kazi kwa wakala wa forodha. Akasimama kule getini, mbali, kwa sababu yangu. Sikumshangaa. Nilidhani alitoka chooni akapita uchochoroni, sasa ndiyo anarudi.

Ombeni alifungua chemba ya maji machafu, akamulika na tochi. Safi. Akapitisha waya mpaka kwenye shimo lenyewe, ukaenda, ukarudi. Akajikuna.

"Bomba safi. Chemba safi. Sasa hivi vitambaa vinatoka wapi?" Kisha akacheka. "Halafu huyo mwenye kifua mpelekeni akapimwe. Kila nikija nakuta mtu anakohoa humu. Nasubiri, nasubiri, simwoni akitoka."

Jofrey akaangalia chini. Huwa hasemi nami, husema na mke wake mimi nikisikia.

"Ketrina, sikutaka kulitaja. Mwambie mama anywe dawa. Kila jioni nikirudi nakuta yuko ndani anakohoa. Wiki ya pili hii nakwenda choo cha stendi."

Kopo likaniponyoka.

"Ketrina," nikasema, "mwambie mumeo mimi sijawahi kukohoa mule ndani. Nakohoa nje, anajibu yeye. Mimi ndiye ninayerudi."

"Mimi?" Jofrey akasahau akanijibu moja kwa moja. "Mimi leo ndiyo kwanza naingia, mama."

Ketrina alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, anatutazama mmoja mmoja. Yeye nesi alishamkataza kuchuchumaa, anatumia ndoo chumbani.

Wote wanne tulikuwa uani.

Mlango wa bati ulikuwa umerudishwa.

Ombeni akaelekeza tochi mlangoni. Akasogea hatua moja. Akakohoa. Mh-hm.

Lori likapiga honi kule barabarani.

Mh-hm.

Kikohozi kidogo. Siku zote tisa sikukisikiliza, nilikuwa nakimbia aibu. Leo nikakisikiliza. Kile hakikuwa kifua cha mwanaume, wala cha mtu mzima.

Jofrey akaupiga mlango teke. Hakuna mtu. Vigae vyeupe, ndoo, fagio. Na ndani ya sinki maji yanapanda yenyewe, polepole, hakuna aliyemwaga. Yakafika ukingoni yakasimama. Juu yake kikaelea kipande cha mwisho, kirefu, ncha zake mbili zimesokotana kama nguo inayofungwa kila siku mahali pamoja.

Ombeni tulimwona mgongo tu. Waya wake aliuacha umelala pale kama nyoka.

Nikavitoa vile viwili vya kwanza ukutani Ombeni alikokuwa amevitundika, nikavipanga na hiki kwenye sakafu ya jikoni. Vikakaa sawasawa, ndege kwa ndege. Jirani yetu Mama Blessing alikuwa ameshasikia kelele, akaja na khanga mabegani. Ni mwenyeji wa mtaa ule, biashara zake ni za Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, Kibemba kinamtoka hata akiwa anasali kanisani. Aliona kile kitenge akaziba mdomo.

"Mbeleko," akasema.

Ketrina akamsogezea kigoda.

Akanong'ona. Kabla Jofrey hajanunua pale palikuwa na vyumba vya kupanga. Akaja msichana kutoka ng'ambo, peke yake, mpole, na tumbo lake na hicho kitenge. Siku moja tumbo halipo. Kitenge kipo, amekifunga mgongoni, kitupu.

"Tukamwuliza, umwana ali kwi? Mtoto yuko wapi? Akasema amempeleka kwa bibi yake."

"Bibi gani?"

"Ndiyo hapo, mama. Hatukuuliza tena. Kesho yake hayupo, amevuka." Akatazama uani. "Nyumba walibomoa. Shimo la choo ni lilelile."

Nilikuwa nahesabu siku. Miaka miwili Jofrey na Ketrina wamekaa pale, choo hakijaziba hata mara moja. Kimeanza wiki aliyofika bibi.

Hatukulala. Ketrina alilala ubavu, mkono wangu juu ya tumbo lake, na chini ya mkono ule palikuwa kimya kama unga kwenye gunia. Jofrey alitaka kukodi gari la kwenda hospitali Vwawa. Ketrina akasema, "Mama, yule wa pili alianza hivihivi." Nikajua tukisubiri gari, tutarudi na nguo za mtoto bila mtoto.

Palipopambazuka nikavifua vile vipande. Sikwenda shule, ila sindano naijua. Nikaviunga kwa uzi mweusi, mshono mkubwa mkubwa. Jofrey alinikuta jikoni. Miaka sita amemwoa binti yangu hajawahi kunitazama. Asubuhi ile akanitazama usoni, macho mekundu.

"Mama. Unaenda kufanya nini?"

"Kumbeba. Si aliambiwa anapelekwa kwa bibi?"

Akanipisha.

Nikaenda chooni. Nikasimama mlangoni, nikageuza mgongo, nikainama kama tunavyoinama sote tukipandisha mtoto. Nikaitandaza mbeleko. Nikasema, "Haya, panda. Bibi amekuja."

Hakuna kitu.

Nikafunga fundo la juu ya titi. Nikafunga la chini.

Hakuna kitu...

Kisha uzito. Haukuja ghafla, ulikuja kama mtoto anayejikokota, kwanza kiunoni, halafu juu. Joto likanikaa mgongoni. Harufu ya maziwa. Na pumzi, hapa, nyuma ya shingo.

Kule ndani Ketrina akapiga kelele. "Amecheza! Jofrey, amecheza!"

Nikatoka getini bila kugeuka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, malori yamepanga foleni mpaka huuoni mwisho wake. Wabadilisha fedha wanaita wateja, watu wanakula chapati. Unaweza kuogopa mchana hivyo? Nikajiambia, mwanamke mzee, umejifunga kitambaa, basi. Mgongo unakuuma, basi.

Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo. "Bibi, shikamoo. Panda nikusogeze, mtoto anapigwa na jua."

"Marahaba. Tunatembea tu."

Mbele kidogo mama mmoja muuza ndizi akanishika mkono. "Bibi, mfunike miguu huyo. Miguu ya baridi hiyo, mbona imekuwa ya bluu?"

Nikapeleka mkono nyuma. Nikashika kitambaa kimelala bapa, nikashika na uti wa mgongo wangu mwenyewe. Palikuwa na duka la vioo pale. Nikajitazama ubavu. Bibi kizee na kitenge kitupu.

Mimi simwoni. Wao wanamwona.

Nikaongeza mwendo. Njiani nikajikuta namwimbia, ule mngurumo tu usio na maneno, na nikajikuta natikisa kiuno kumbembeleza. Makaburi yako pembeni ya mji, upande wa mashamba ya mahindi. Nikachimba kwa jembe nililoazima kwa mtu aliyekuwa akipalilia. Hakuniuliza. Alitazama mgongo wangu, akavua kofia.

Nikafungua fundo la chini, la juu, nikaishusha mbeleko kwa uangalifu, nikaikunja na kuilaza. Tupu. Nikafukia. Nikaomba, Baba Yetu, nikaongeza na maneno ya kwetu ambayo bibi yangu mwenyewe alikuwa akiwaambia watoto wasiokaa duniani. Nikamwambia, "Hapa ndipo kwa bibi. Lala."

Niliporudi, maji ya sinki yalikuwa yameshuka yenyewe. Mpaka leo choo hakijaziba. Ombeni waya wake alipelekewa na Mama Blessing, maana mwenyewe getini hapiti.

Ketrina alijifungua baada ya wiki tano. Wa kiume, mzima, sauti kama honi. Nilimpokea mikononi nikalia kama mimi ndiye niliyezaliwa. Ndicho nilichokuja kutafuta Tunduma, nami nikakipata.

Siku kitovu kilipodondoka tukamtoa nje, nikainama ili wamweke mgongoni kwangu. Ketrina akamweka.

Mtoto alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtoto mchanga, nami nimewalea kumi na wawili. Akajikunja, akateleza upande, kama mtu uliyemkalisha kwenye kiti chenye mtu. Tukamtuliza, tukajaribu tena. Akateleza. Tukabadilisha kitenge. Akateleza upande uleule. Mama Blessing akamchukua yeye mgongoni kwake, akalala hapohapo.

"Mgongo wa mzee mifupa mitupu," Mama Blessing akacheka, "mwana hapendi."

Nami nikacheka.

Jofrey hakucheka. Tangu siku ile nikiwa nimesimama uani hapiti nyuma yangu. Anazunguka nyumba nzima.

Sasa nampakata mjukuu wangu kwa mbele. Ketrina ananiambia natembea nimeinama, namwambia ni uzee. Usiku nalala kifudifudi, sijui kwa nini, ndivyo ninavyostarehe. Kule nyumbani kahawa imeiva, wananipigia simu kila siku niende kuchuma, na Ketrina ana nguvu zake, hanihitaji tena. Nguo nimeshafunga mara tatu, nikafungua mara tatu.

Kupanda basi siogopi. Ninachoogopa ni kushuka pale Mlowo, kituo cha kwetu, nikakuta mgongo wangu ni mwepesi.