Nyumba ya Zaitoun

— Dada, mumeo ameshuka Moroni. Na hayuko peke yake.

Zaitoun akaubana mkono wa simu sikioni. Saoudat, mdogo wake, alikuwa anapiga kutoka posta ya Moroni.

— Yuko na nani?

— Msichana wa Dakar. Mzuri, sikufichi. Wale mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais walipomkagua uwanja wa ndege, Djaanfar akawaambia, "Taratibu, huyu mke wangu."

Jamani, miaka minne Zaitoun amemngoja huyu mtu amalize chuo! Hakulia. Akatoka posta ya Mutsamudu, akarudi nyumbani, akapika.

Kesho yake Djaanfar akaingia na sanduku, meno yote nje.

— Zaitoun, huyu Coumba, nilisoma naye. Amekuja kufanya utafiti.

Kumbe kasahau. Zaitoun naye aliwahi kusomea ukunga huko huko Dakar, akajua watu wa kule salamu hawaikati. Unamuuliza mgeni habari za kila mtu wake, mmoja mmoja.

— Karibu, Coumba. Baba hajambo?

— Hajambo.

— Mama? Bibi? Wadogo zako?

— Wote wazima.

Coumba akatabasamu. Tangu ashuke, hakuna aliyemsalimia hivyo.

— Basi tule, Djaanfar akadakia.

— Tulia, sijamaliza. Na mumeo, Coumba, hajambo?

— Si huyu hapa, wifi.

— Mimi si wifi yako, mdogo wangu. Mimi mkewe.

Coumba akamgeukia Djaanfar polepole.

— Uliniambia ni dada yako. Anakutunzia nyumba yako.

— Nyumba yake? Zaitoun akacheka. Huku nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Hii baba yangu kanijengea mimi. Kwenu ni kinyume, na yeye anajua. Miaka minne ugenini, kajifunza mila zenu ili apate kukudanganya vizuri.

— Chunga mdomo, Zaitoun. Nina jamaa zangu kwa wale mamluki.

— Waite. Waambie mkeo kakutoa nje, uone watakavyocheka.

Akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka kichochoroni.

— Coumba, twende nyumbani, Djaanfar akasema.

— Nyumba ipi?

— Kwa mama, kijijini Patsy.

Coumba akamtazama Zaitoun.

— Na hiyo ya nani?

— Ya mama yake na dada zake. Wale wa kweli.

Coumba akanawa mikono, akakaa mkekani. Zaitoun akamtoa Djaanfar, akafunga mlango.

— Talaka sitoi! akapiga kelele kutoka nje.

— Kadhi atanipa. Wewe beba sanduku lako, watu wapite.